Saa za mazoezi na hesabu ya kalori: mapitio ya kazi moja tu

Mapitio haya yanahusu kazi moja ya saa za mazoezi, nayo ni ile ya kuonyesha kalori alizotumia mtu anapokimbia, anapotembea, anapoendesha baiskeli au anaponyanyua vyuma. Sitagusa ubora wa kioo, muda wa kukaa na chaji, wala uwezo wa saa kupokea ujumbe wa simu, kwa kuwa hayo muuzaji yeyote wa Kariakoo atakueleza bila kuulizwa. Nimeichagua kazi ya kalori kwa sababu ndiyo inayowavuta wanunuzi wengi, hasa wanaotaka kupunguza uzito, na pia kwa sababu ndiyo kazi ambayo saa huifanya vibaya kuliko zote huku ikiitangaza kwa uhakika mkubwa kuliko zote. Saa haikuambii kwamba umetumia kalori kati ya 400 na 700. Inakuambia 537, kana kwamba ilikuwa ndani ya misuli ikihesabu.

Mimi huvaa saa ya bei ya kati, ya kampuni ambayo sina haja ya kuitaja, na mara nyingi huvaa pia mkanda wa kifuani wa kupima mapigo ya moyo ninapokimbia au ninapokuwa jimu hapa Dar es Salaam. Hata hivyo, hukumu nitakayoitoa haitokani na saa yangu peke yake, kwa kuwa mtu asiye na maabara hawezi kujua saa yake imekosea kwa kiasi gani. Anaweza tu kuona kwamba namba zake zinashangaza.

Ili kuihukumu namba ya saa, ni lazima kwanza ipatikane namba ya kweli ya kulinganisha nayo. Mwili unapochoma wanga na mafuta hutumia oksijeni na kutoa kabonidaioksaidi, kwa hiyo anayejua kiasi cha gesi hizo mbili anajua pia kiasi cha nishati iliyotumika. Maabara za mazoezi humvisha mtu barakoa iliyounganishwa na mashine ya kuchambua pumzi, kisha humkimbiza juu ya tredmili. Hesabu ya kugeuza gesi hizo kuwa kalori ilichapishwa na J. B. Weir mwaka 1949 na inatumika hadi leo. Kwa kukadiria, kila lita ya oksijeni inayotumika ni sawa na kalori 5 hivi, nikimaanisha zile kalori zinazoandikwa kwenye pakiti za vyakula, ambazo wanasayansi huziita kilokalori. Kwa vipindi virefu vya siku kadhaa hutumika njia nyingine: mtu hunyweshwa maji yaliyotengenezwa kwa aina nzito za haidrojeni na oksijeni, kisha mkojo wake hupimwa ili kuona kila moja ya aina hizo inapungua kwa kasi gani mwilini. Njia zote mbili ni za gharama kubwa, na hakuna hata moja inayoweza kufungwa kwenye kifundo cha mkono.

Saa ina zana nyingine kabisa. Chini yake kuna taa za kijani zinazomulika ngozi na kihisi kinachopokea mwanga unaorudi. Kwa kuwa damu hufyonza mwanga wa kijani, kila pigo la moyo linapoleta damu, mwanga unaorudi hupungua kidogo, na hapo saa huhesabu pigo moja. Kuna pia kihisi cha mwendo kinachotambua jinsi mkono unavyotikisika, na saa nyingi zina GPS ya kupima umbali. Ukijumlisha na umri, jinsia, urefu na uzito uliouandika siku ya kwanza (na ambao watu wengi hawaurudii tena kuusahihisha), hizo ndizo taarifa zote ilizo nazo. Kutokana na hizo, programu iliyo ndani, ambayo kampuni huificha kama siri ya biashara, hukadiria oksijeni uliyotumia bila kuiona hata chembe yake. Ni kama fundi anayekadiria mafuta yaliyoteketea kwa kusikiliza muungurumo wa injini: kwa gari analolijua anaweza kuukaribia ukweli, lakini mletee gari la aina nyingine, lenye mzigo, kwenye mlima, uone.

Jambo hili lina maana kubwa kwa mnunuzi. Kosa kubwa la saa halimo katika kuhesabu mapigo. Limo katika hatua ya pili, ya kuyageuza mapigo kuwa nishati, na hatua hiyo haiboreshwi na kioo kizuri zaidi wala na kasha la titani.

Ushahidi unaotajwa zaidi ni utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, chini ya Euan Ashley, uliochapishwa Mei 2017. Watafiti waliwachukua watu 60, wanaume 29 na wanawake 31, wakawavisha vifaa saba vilivyokuwa sokoni wakati huo: Apple Watch, Basis Peak, Fitbit Surge, Microsoft Band, Mio Alpha 2, PulseOn na Samsung Gear S2. Watu hao walikaa, walitembea, walikimbia na kuendesha baiskeli huku pumzi zao zikichambuliwa na mioyo yao ikipimwa kwa mashine ya umeme wa moyo ya hospitali. Katika mapigo ya moyo, vifaa sita kati ya saba vilikuwa na kosa lililo chini ya 5% wakati wa kuendesha baiskeli, matokeo ambayo mtu wa kawaida anaweza kuyaridhia. Katika nishati, hakuna kifaa kilichoshuka chini ya 20%. Kwa mujibu wa tangazo la chuo hicho, kilichofanya vizuri kuliko vingine kilikosea kwa wastani wa 27%, na kilichofanya vibaya kuliko vyote kilikosea kwa 93%. Watafiti wenyewe walikuwa wamesema kwamba kwa matumizi yasiyo ya kitabibu kosa lisingepaswa kuzidi 10%.

Mtu anaweza kusema kwamba vifaa hivyo vimepitwa na wakati, na ni kweli: Microsoft iliacha kuuza bangili yake mwaka 2016, na mwaka huo huo Intel iliirudisha Basis Peak kutoka kwa wateja kwa sababu ilikuwa inapata joto la kuweza kuunguza ngozi. Lakini mwaka 2020 mapitio ya machapisho 158 yaliyochunguza kampuni tisa yalifikia hitimisho lile lile, kwamba katika nishati hakuna kampuni iliyokuwa sahihi. Mwaka 2021, timu nyingine ya Stanford ilionyesha kwamba tatizo linaweza kupunguzwa, ila kwa kuuacha mkono. Iliweka vihisi vya mwendo kwenye paja na kwenye muundi, ikasoma kila hatua inavyopigwa, na kosa la jumla likawa 13%, wakati saa janja iliyolinganishwa nao ilikosea kwa 42%. Mguu ndio unaobeba mwili katika mbio na matembezi, kwa hiyo haishangazi kwamba mguu unajua mengi kuliko mkono. Kifaa hicho, hata hivyo, kilikuwa cha maabara, na binafsi sioni watu wengi wakikubali kutembea mjini wamefungwa nyaya mapajani.

Haki inanilazimu kutaja utafiti ambao matokeo yake yalikuwa mazuri zaidi. Mwaka 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa waliwapima watu 60 kwa dakika 69 za shughuli mchanganyiko, na vifaa vingi vilikosea kwa kati ya 9% na 13%, isipokuwa kimoja kilichofika 23.5%. Namba hizo zinapendeza, lakini ni za jumla ya shughuli zote: saa ikizidisha katika mbio na kupunguza katika baiskeli, makosa hayo mawili hufidiana, na jumla hutoka safi kuliko sehemu zake. Anayetaka kujua zoezi lake la leo asubuhi hanufaiki na ufidiaji huo. Kilichoongoza pale, BodyMedia Fit, kilivaliwa kwenye mkono wa juu na kilipima pia joto linalotoka mwilini. Kampuni yake ilinunuliwa na Jawbone mwaka 2013, Jawbone nayo ikafungwa mwaka 2017, na soko likabaki na saa za kifundoni zinazopendeza kwa kuvaa.

Kwa msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, kuna sababu moja ya kosa inayostahili nafasi kubwa kuliko nyingine zote, nayo ni joto. Moyo haupigi kwa ajili ya misuli tu. Katika joto na unyevu, moyo husukuma damu nyingi kwenda kwenye ngozi ili mwili upoe, na kadiri jasho linavyopunguza maji mwilini, kila pigo husukuma damu kidogo zaidi, hivyo mapigo huongezeka ingawa kasi ya kukimbia ni ile ile. Anayekimbia kilomita zake juu ya Daraja la Tanzanite saa kumi jioni mwezi Februari atakuwa na mapigo ya juu kuliko anayekimbia umbali huo huo, kwa kasi hiyo hiyo, alfajiri ya Julai. Oksijeni iliyotumika na misuli yake inakaribia kuwa sawa. Saa itamwandikia kalori nyingi zaidi jioni ile.

Ukubwa wa tofauti hii unaweza kukokotolewa. Mwaka 2005, timu ya watafiti iliyokuwa Cape Town ilichapisha kanuni ya kukadiria nishati kutokana na mapigo ya moyo, uzito, umri na jinsia, ikitumia vipimo vya watu 115 waliozoea mazoezi. Hadi leo kanuni hiyo ndiyo iliyo nyuma ya vikokotoo vingi vya bure vya intaneti. Kwa mwanamume wa miaka 35 mwenye kilo 70, kanuni inatoa kalori 14.5 hivi kwa dakika akiwa na mapigo 150, na kalori 16 hivi akiwa na mapigo 160. Kwa hiyo mapigo kumi yanayoongezwa na joto peke yake humwongezea kalori 90 za hewa kwa saa moja. Kahawa, usingizi mchache, hofu na homa inayoanza vinaweza pia kuyapandisha mapigo, na kanuni ya namna hii haiwezi kutofautisha hofu na mlima.

Kuna jambo la ajabu zaidi linalotokana na kanuni hizi. Mtu anapozoea mazoezi kwa miezi, moyo wake huimarika na mapigo yake hushuka kwa kazi ile ile. Saa isiyojua hilo itamwonyesha kwamba kalori zake zinapungua kila mwezi, ingawa anakimbia njia ile ile kwa muda ule ule, na wapo wanaokata tamaa wakidhani zoezi limeanza kuwa rahisi mno. Kampuni kubwa zimejaribu kulitatua kwa kukadiria uwezo wa juu kabisa wa mwili kutumia oksijeni na kuuingiza katika hesabu. Firstbeat ya Ufini, iliyonunuliwa na Garmin mwaka 2020, ilijijengea jina kwa kazi ya aina hiyo. Ni hatua ya maana, kwa sababu utafiti wa Cape Town wenyewe ulionyesha kwamba kuingiza uwezo huo huboresha makadirio. Lakini kwenye saa uwezo huo nao umekadiriwa, hivyo tunapanga kadirio juu ya kadirio.

Hata mapigo yenyewe, ambayo nimeisifu saa kwa kuyapima, yana mazingira yanayoyaharibu. Saa ikilegea, kihisi kinaweza kushika mdundo wa hatua badala ya mdundo wa moyo, na mkimbiaji wa polepole akaoneshwa mapigo 170 kwa kuwa anapiga hatua 170 kwa dakika. Saa yangu hufanya hivyo mara kwa mara katika dakika za mwanzo, na mkanda wa kifuani ndio unaoifichua. Kukunja ngumi kwa nguvu, kama anavyofanya mshika vyuma, hubana mishipa ya kifundo na kuchanganya usomaji. Chale za wino nazo zinaweza kuzuia mwanga, jambo ambalo Apple yenyewe inalieleza kwa wateja wake.

Suala la rangi ya ngozi linahitaji kusemwa kwa uangalifu, maana linatuhusu wengi. Melanini, yaani kemikali inayoipa ngozi weusi wake, hufyonza mwanga wa kijani, na utafiti wa Stanford wa 2017 ulikuta makosa makubwa zaidi kwa wenye ngozi nyeusi zaidi, kwa wanaume, na kwa wenye uzito mkubwa kulingana na urefu wao. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Duke wa mwaka 2020, uliowapima watu 53 wa rangi mbalimbali kwa vifaa sita, haukukuta tofauti ya kitakwimu kati ya rangi za ngozi katika mapigo ya moyo. Ulichokuta ni kwamba kosa wakati wa mwendo lilikuwa kubwa kwa 30% kuliko wakati wa kupumzika, na kwamba vifaa vilitofautiana. Kwa maoni yangu, mnunuzi wa hapa asiikatae saa kwa sababu ya rangi yake, bali aikaze vizuri, aiweke upana wa kidole kimoja juu ya mfupa wa kifundo, na akiweza ailinganishe mara moja na mkanda wa kifuani kabla ya kuiamini.

Nikizichukua shughuli moja moja, mbio ndizo zinazoniudhi zaidi, kwa sababu ndizo ambazo saa haihitajiki kabisa kwa hesabu hii. Tangu mwaka 1963, Rodolfo Margaria na wenzake walionyesha kwamba kukimbia kwenye tambarare hugharimu karibu kalori 1 kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita, na kwamba kasi hubadilisha kiasi hicho kidogo sana. Mwenye kilo 70 akikimbia kilomita 10 ametumia takriban kalori 700, awe amekimbia kwa dakika 50 au kwa saa nzima na robo. Kutembea kwa mwendo wa kawaida ni karibu nusu ya hapo, ukiondoa kalori ambazo angezitumia hata akiwa amekaa. Mimi hupiga hesabu hii kichwani, na saa yangu inapotofautiana nayo kwa kiasi kikubwa, siku zote huwa ni siku ya joto kali au siku kihisi kiliposhika hatua. Hesabu hiyo haifanyi kazi kwenye milima ya Lushoto wala kwenye mchanga mlaini wa ufukweni, lakini kwa barabara za lami za Masaki inatosha.

Kubeba mzigo ni eneo ambalo saa haijui lolote. Mwanamke aliyejitwika ndoo ya lita 20 hutembea huku mkono mmoja au yote miwili imetulia, kwa hiyo kihisi cha mwendo kinaweza hata kumpunguzia hatua, na hakuna mahali pa kuiambia saa kwamba kichwani kuna kilo 20. Tena mwili wenyewe huwa na siri zake. Mwaka 1986, mwanafiziolojia wa Kenya Geoffrey Maloiy na wenzake walichapisha vipimo vya wanawake wa Kiluo, wanaobeba kichwani, na wa Kikuyu, wanaobeba mgongoni kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso, wakaonyesha kwamba waliweza kubeba mzigo hadi 20% ya uzito wao bila matumizi ya oksijeni kuongezeka. Vipimo vya baadaye kwa wanawake wa Afrika Kusini havikuona nafuu hiyo. Wanawake wawili wenye uzito mmoja, umri mmoja na mzigo mmoja wanaweza basi kutumia nishati tofauti kwa sababu ya namna wanavyotembea tu, wakati kwenye kumbukumbu za saa ni mtu yule yule.

Vyuma vya jimu ni vibaya zaidi. Mtu anapobana pumzi na kusukuma uzito mkubwa, mapigo hupanda kwa sababu ya shinikizo la damu na mkazo wa misuli, wakati oksijeni inayotumika haipandi kwa uwiano ule wa mbio ambao kanuni za saa zimejengwa juu yake. Namba ya kalori ya zoezi la vyuma naipuuza yote, na nadhani kampuni zingefanya uungwana kuiondoa.

Baiskeli, kwa upande mwingine, ina kifaa kinachostahili sifa, ingawa hakivaliwi: kipimo cha nguvu kinachofungwa kwenye pedali au kwenye mkono wa pedali. Hicho hupima kazi halisi inayofanywa, kwa kilojuli. Mwili wa mwendesha baiskeli hugeuza kati ya 20% na 25% ya nishati yake kuwa kazi ya kuzungusha pedali, na kwa kuwa kalori moja ni kilojuli 4.184, namba hizo mbili karibu zinafutana: kilojuli 600 kwenye kipimo ni kalori 570 hadi 720 hivi mwilini. Kosa lina mpaka unaojulikana na sababu yake inaeleweka, mambo mawili ambayo saa haiwezi kujivunia. Kwa bahati mbaya vifaa hivyo ni ghali, na wanaovitumia kwa kawaida ni washindani ambao hawana haja ya kuhesabu kalori za kupungua.

Sasa niingie kwenye namna namba inavyoonyeshwa, maana hata kadirio zuri linaweza kuharibiwa na kioo. Baadhi ya vifaa huonyesha kalori zote, pamoja na zile za kupumua na kuuendesha moyo, na vingine hutenganisha kalori za mwendo na kalori za jumla. Mtu wa kilo 70 hutumia karibu kalori 70 kwa saa akiwa amekaa tu. Saa ikimwambia kwamba matembezi ya saa moja yamemgharimu 300, na yeye akaziongeza kwenye bajeti ya siku ambayo tayari ina kalori za kupumzika, amezihesabu zile 70 mara mbili. Kuna programu za vyakula zinazojiunganisha na saa na kumwongezea mtu ruhusa ya kula kila anapofanya zoezi, na hapo ndipo kosa linapogeuka kuwa uzito. Kosa la 27% kwenye kalori 500 ni kalori 135, karibu sawa na soda ya chupa ya mililita 300. Anayekunywa soda hiyo kila siku kwa idhini ya saa hatapungua, na atalaumu mwili wake.

Kuna ushahidi kutoka Tanzania unaolitia shaka zaidi wazo zima la kuongeza kalori za mazoezi juu ya kalori za siku. Mwaka 2012, Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadzabe 30 wa eneo la Ziwa Eyasi, waliopimwa kwa ile njia ya kunywa maji yenye haidrojeni na oksijeni nzito. Wanaume walitumia wastani wa kalori 2,649 kwa siku na wanawake 1,877, na baada ya kuzingatia ukubwa wa mwili, matumizi hayo hayakutofautiana na ya watu wa Marekani na Ulaya wanaoshinda wamekaa ofisini. Watu wanaotembea kilomita nyingi wakiwinda na kuchimba mizizi hawakuonekana kuchoma zaidi. Pontzer anaeleza kwamba mwili huweka akiba kwingine unapofanya kazi nyingi. Wapo wanasayansi wanaoipinga sehemu ya maelezo hayo, na mjadala unaendelea. Lakini vipimo vyenyewe vinatosha kumfanya mtu asite kabla ya kuichukulia namba ya saa kama pesa iliyowekwa benki.

Kwa anayeuliza anunue nini, jibu langu linategemea anachokitaka. Anayetaka kalori sahihi asinunue saa yoyote kwa ajili hiyo, ya bei rahisi wala ya milioni. Anayetaka kufuatilia mapigo, umbali, usingizi na mwendelezo wa mazoezi, saa ya kati kutoka kampuni yenye jina itamtosha, na tofauti ya bei kati yake na ile ya juu haitamnunulia usahihi wa kalori. Anayefanya mazoezi ya kasi za kubadilika au ya jimu atafaidika zaidi na mkanda wa kifuani kama Polar H10, unaosoma umeme wa moyo moja kwa moja; kampuni hiyo ya Kifini imekuwa katika kazi ya kupima mapigo ya wanamichezo tangu miaka ya 1980, na mapigo ya mkanda ndiyo ninayoyaamini yanapotofautiana na ya saa. Mkanda, hata hivyo, utayapeleka mapigo hayo sahihi kwenye kanuni zile zile za kukadiria, kwa hiyo usitegemee utende muujiza kwenye kalori. Mgonjwa wa kisukari anayepanga dawa au mlo kulingana na mazoezi afuate vipimo vya sukari na maelekezo ya daktari wake, wala asiiingize namba hii katika hesabu hizo.

Anayeimiliki saa tayari hana haja ya kuitupa. Asahihishe uzito wake kwenye mipangilio, maana saa inayodhani una kilo 62 wakati una 80 imekosea kabla hujavaa viatu. Ailinganishe na yenyewe tu, kwa njia ile ile na saa zile zile za siku, na auchukulie mwelekeo wa wiki kadhaa kuwa na maana kuliko namba ya siku moja. Akate muunganiko kati ya saa na programu ya vyakula, na aiondoe kalori kwenye ukurasa wa mbele wa zoezi, jambo ambalo saa nyingi za michezo huliruhusu kwenye mipangilio yake. Mimi mahali pake nimeweka muda wa kilomita ya mwisho, ambao GPS huupima vizuri. Atakayetaka kujua kama anapungua, mizani na mkanda wa kiunoni wa fundi cherehani vitamjibu kwa gharama ndogo.